Mama orki, baba elfi: mtoto ni wa nani?

Mtu anayeunda mhusika wake wa kwanza katika mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, Dungeons & Dragons mara nyingi huja na wazo kabla hajasoma kanuni. Anawaza jamii mbili za kubuni za mchezo huo na kusema: nataka msichana ambaye mama yake ni orki na baba yake ni elfi. Kisha anafungua kitabu cha wachezaji cha 2014 na kumkuta nusu-elfi na nusu-orki, ila kila mmoja wao upande wa pili ni binadamu. Anafungua cha 2024, na hata hao hawamo. Orki yumo, elfi yumo, mtoto wao hayumo. Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Humchukua elfi wa kawaida, wakamwandikia mstari mmoja kwamba bibi yake alikuwa orki, na mstari huo hautajwi tena mpaka kampeni, yaani mfululizo mzima wa mchezo, inakwisha.

Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu mhusika wa asili mbili ni kati ya wahusika wenye utajiri mkubwa kuliko wote wanaoweza kukaa mezani. Linalomkwamisha mchezaji ni kuanza na kanuni, ilhali kanuni zenyewe hazijawahi kukubaliana asili ni kitu gani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu wanne au watano hukaa pamoja, mmoja wao akiwa msimuliaji anayeubeba ulimwengu wote, na kila mmoja wa waliobaki akimwendesha mhusika mmoja. Likitokea jambo lenye mashaka, dadu ya pande 20 inarushwa, na namba inayotoka inajumlishwa na zile zilizo kwenye karatasi ya mhusika. Elfi ni watu wa misituni wenye masikio yaliyochongoka, wanaoishi karne kadhaa. Orki ni watu wenye miili mikubwa na meno ya chini yaliyotokeza nje, wagumu kuuawa. Kila jamii ina namba zake na vipaji vyake.

Mchezo ulitoka mwaka 1974. Nusu-elfi aliingia 1975 kupitia kitabu cha nyongeza, na kufikia 1978 kitabu cha wachezaji kilikuwa naye pamoja na nusu-orki. Kitabu hicho kilikuwa na jedwali lililoonyesha jamii ipi inapatana na ipi na ipi inachukiana na ipi, tena kiliwawekea wasio binadamu ukomo wa ngazi, yaani hatua za kukua kwa mhusika, katika fani nyingi. Kwa hiyo tangu mwanzo, kuzaliwa na jamii mbili kulikuwa suala la hesabu: utapanda mpaka wapi, na nani atakununia. Nusu-orki aliachwa nje ya kitabu cha wachezaji cha 1989, akarudi 2000. Maandishi ya zamani yalidokeza kwamba watoto wa aina yake huzaliwa kwa ubakaji wa vitani, kana kwamba hakuna orki aliyewahi kupendana na mtu. Msimuliaji yeyote wa leo anayo haki ya kuitupa dhana hiyo nje ya ulimwengu wake, na mimi ningemsihi aitupe.

Toleo la 2014 ndilo lililosambaa zaidi, na linafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu mkanganyiko wote umo humo. Nusu-elfi alipewa +2 kwenye Mvuto, moja ya sifa zinazopimwa kwa namba kwenye karatasi ya mhusika, na +1 kwa sifa nyingine mbili za kuchagua. Aliona gizani hadi futi 60, hakuweza kulazwa kwa uchawi, na alipewa stadi mbili za ziada, zozote azitakazo. Nusu-orki alipewa Nguvu +2 na Ustahimilivu +1, stadi ya kutisha watu, na uwezo wa kubaki na alama 1 ya uhai pale ambapo mwingine angeanguka.

Sasa tenganisha vitu hivyo. Kuona gizani ni jambo la macho, na macho huzaliwa nayo. Kukataa kufa ni jambo la mwili. Lakini ule Mvuto wa nusu-elfi, na zile stadi mbili? Hayo ni matunda ya kukulia kati ya nyumba mbili, kujifunza mapema kusoma nyuso, kujua lini useme lugha ya nani. Na stadi ya kutisha watu ambayo nusu-orki anapewa bila kuisomea inatokana na jinsi wengine wanavyomtazama. Kitabu kilichukua maisha ya mtu, na macho ya jirani zake, kikayaandika kama damu. Nusu-elfi aliyelelewa peke yake na mchungaji mlimani, ambaye hakuwahi kuona mji, bado alikuwa na Mvuto +2.

Wachapishaji waliliona tatizo hilo, wakaanza kulifungua kidogo kidogo. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza kiliruhusu wachezaji kuhamisha nyongeza za sifa wanakotaka. Mwaka 2022 kanuni za majaribio zilipendekeza njia nyingine: chagua jamii mbili za wazazi, chukua vipaji vya mmoja wao tu, changanya sura upendavyo, na umri wa kuishi uwe wastani wa pande mbili. Kisha 2024 kikatoka kitabu kipya chenye jamii kumi, bila nusu-elfi wala nusu-orki, na nyongeza za sifa zikahamishwa kabisa kutoka kwenye jamii kwenda kwenye maisha ya awali ya mhusika, yaani kazi na malezi aliyoyapitia kabla ya safari kuanza.

Kuondolewa kwa hao wawili kulizua mjadala mkali, na pande zote mbili zilikuwa na watu wenye wazazi wa asili tofauti katika maisha yao halisi. Baadhi walifurahi. Kuitwa nusu ya kitu ni kuambiwa kwamba hujatimia, na nusu ya pili kuwa daima binadamu kulimfanya binadamu awe kipimo cha wote. Wengine waliumia, kwani miaka yote hiyo nusu-elfi alikuwa ndiye mhusika pekee kwenye kitabu aliyefanana nao, na sasa ukurasa wake umefutwa. Mimi naona wote walikuwa na haki, lakini walioumia wana hoja inayoweza kufanyiwa kazi. Jina linaweza kuwa baya huku kiti kikiwa bado kinahitajika.

Michezo mingine imejaribu kukitengeneza kiti hicho. Pathfinder, katika toleo lake la pili la 2019, iliweka nusu-elfi na nusu-orki kama matawi ya binadamu. Kitabu kilichorekebishwa cha 2023 kiliwapa majina yao wenyewe, aiuvarin na dromaar, na kuruhusu tawi hilo kushikizwa kwenye jamii nyingine kwa idhini ya msimuliaji. Faida yake kubwa ni kwamba vipaji vya nasaba, yaani vya jamii ya mhusika, huchaguliwa kwenye ngazi ya 1, 5, 9, 13 na 17, na mwenye asili mbili huchagua kutoka pande zote mbili. Mhusika anaweza kuanza akiwa wa mama zaidi, na miaka ikipita akausogelea upande wa baba. Sijaona kanuni inayokaribia maisha kuliko hiyo. Daggerheart ya 2025 inakwenda kwa njia fupi: kila jamii ina sifa mbili, nawe unachukua ya kwanza kutoka kwa mzazi mmoja na ya pili kutoka kwa mwingine.

Basi njia zipo. Lakini zote zinajibu swali la mwili: mtoto amerithi nini cha kuzaliwa nacho? Hakuna hata moja inayouliza mtoto huyo ni wa nani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kwamba hilo ndilo swali ambalo watu watamuuliza kwanza.

Tazama pwani yetu yenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Waswahili na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, na hasa kupitia wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, katika mchanganyiko ulioanza kufikia takriban mwaka 1000. Sasa angalia kipi kilipita wapi. Simulizi za koo nyingi zilishika upande wa baba, zikataja Shirazi. Lugha iliyosemwa ndani ya nyumba ikabaki ya Kibantu, ya akina mama. Mtoto yuleyule alirithi jina kutoka kwa mmoja na ulimi kutoka kwa mwingine, na hakuna asilimia ya damu inayoweza kukueleza hilo.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kuunda mhusika. Asili hupita katika mifereji kadhaa, na kila mfereji una kanuni yake ya nani ampe nani: mwili, lugha, ukoo, jina, mali, kaburi. Ukiamua kila mmoja kwa nafsi yake, mhusika anajijenga mwenyewe.

Mfereji wa ukoo ndio wenye hadithi nyingi zaidi. Kwa desturi, Waluguru, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, ilhali Wachaga na Wahaya huhesabu kwa baba. Mtoto wa mama Mluguru na baba Mchaga, kwa desturi hizo, anadaiwa na pande zote mbili. Geuza wazazi, mama awe Mchaga na baba Mluguru, na unapata mtoto ambaye hakuna upande ambao kwa kanuni tupu unalazimika kumdai. Katika maisha watu huelewana, huamua kwa upendo na kwa vikao, na mtoto hakosi kwao. Lakini kwa msanii wa mhusika hiki ni chombo cha ajabu: wazazi ni walewale wawili, mchanganyiko ni uleule, na kwa kubadilisha tu nani ni mama umepata maisha mawili yasiyofanana hata kidogo. Vitabu vya kanuni havimuulizi mchezaji jambo hilo.

Ongeza mahari. Katika jamii nyingi za ukoo wa baba, mahari ndiyo yanayomhamishia mtoto kwa baba yake. Yasipolipwa, wajomba wana neno. Ongeza na mazishi. Wakenya wengi wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 tu, baada ya mjane wake Wambui, Mkikuyu, kuvutana mahakamani na ukoo wa Umira Kager juu ya wapi azikwe. Ukoo ulishinda. Watu wawili walijenga nyumba pamoja kwa miaka mingi, na mwisho swali likabaki lilelile: huyu ni wa nani? Kama mhusika wako anaingia mapangoni yenye majoka, swali la nani atakuja kuuchukua mwili wake si la mbali.

Sasa turudi kwa yule msichana. Tuseme orki wa nyikani katika ulimwengu wetu huhesabu ukoo kwa baba na hulipa mahari ya ng'ombe. Elfi wa msituni huhesabu kwa mama na hawajui mahari kabisa. Kwao kutoa mali kwa ajili ya mtu ni matusi. Mama orki, baba elfi. Elfi hawana mtoto hapo, maana mama si wao. Orki wanasema mtoto ni wa baba, lakini baba hakulipa, kwa hiyo anabaki chini ya wajomba zake mpaka deni liishe.

Angalia deni hilo linafanya nini. Maadamu mahari hayajalipwa, msichana ana kwao: boma la mjomba, moto, sahani. Yakilipwa, mama yake anapata heshima aliyonyimwa miaka yote, na kwa sheria ya orki binti anahamia kwenye ukoo wa baba, ukoo ambao haumtambui. Kulipa deni ni kumheshimu mama na kujifukuza mwenyewe. Hapa hakuna uovu wa mtu, hakuna anayemchukia, na bado kuna kampeni nzima. Nasisitiza hili kwa sababu wasimuliaji wengi wakipewa mhusika wa asili mbili hujua kitu kimoja tu cha kumfanyia, nacho ni walinzi wa lango wanaomtukana.

Majina anayo mawili. Bomani anaitwa Ghashi, jina la bibi mzaa mama. Baba yake anamwita Ilimeya. Kielfi alijifunza kwa baba, ambaye hupita kila baada ya miaka michache na kukaa msimu mmoja. Baba huyo si katili. Kitabu cha 2014 kinawapa elfi hadi miaka 750 na kusema hujihesabu watu wazima wakikaribia 100. Kwake yeye miaka mitatu ni juzi, na anashangaa kila anapofika kukuta mtoto amerefuka. Kwa hiyo Ghashi anakisema Kielfi kwa lafudhi safi kabisa na kwa msamiati wa mtoto wa miaka saba. Hajui neno la deni. Hajui neno la mkataba. Akisimama mbele ya baraza la msituni, atasikika kama mtoto mdogo mwenye meno ya orki. Mchezaji mwenye sikio atafanya maajabu na jambo hilo moja.

Umri nao haupaswi kuachwa kwenye wastani wa namba. Jiulize nani atamzika nani. Baba yake yaelekea atamzika yeye, na wote wawili wanajua. Binamu yake wa kielfi, mwenye miaka 60, bado anaitwa mtoto na haruhusiwi kutoka msituni peke yake, wakati Ghashi, mwenye 19, ameshaongoza misafara. Nani amsalimie mwenzake kwa heshima? Bomani jibu lipo wazi, msituni jibu lipo wazi, na majibu hayafanani.

Hapo ndipo unapofungua kitabu, na utashangaa jinsi kanuni zinavyokuwa rahisi. Kwa toleo la 2024 ningechukua jamii ya orki, kwa sababu tumeshaamua mwili ameufuata wa mama: anaona gizani hadi futi 120, anaweza kukurupuka mbio katikati ya pambano, na akipigwa cha kumwangusha anabaki na alama 1 ya uhai. Masikio na umbo jembamba ni vya baba, navyo havihitaji namba. Maisha ya awali ningempa ya mfanyabiashara, kwa kuwa ameongoza misafara kati ya nyika na msitu. Hayo yanamruhusu kuongeza Ustahimilivu, Akili au Mvuto, na yanampa stadi ya kutunza wanyama na ya kushawishi watu. Lugha anapata ile inayosemwa na wote na nyingine mbili, ambazo hapa zimeshajulikana. Mvuto ule ambao nusu-elfi wa zamani alizaliwa nao, Ghashi ameupata kwa kupatana bei na watu wa mataifa mawili, na ukimuuliza atakutajia majina ya waliomfundisha.

Kwa Pathfinder ningeanza na nasaba ya orki na tawi la aiuvarin, msimuliaji akikubali, na nisingechagua kipaji chochote cha kielfi mpaka ngazi ya 5. Kisha ningengoja nione hadithi imempeleka wapi. Akipatana na msitu, vipaji vya upande huo vitakuja vyenyewe. Asipopatana nao, karatasi yake itaonyesha pia.

Kabla ya mchezo kuanza, semeni. Kundi linalojiheshimu huwa na kikao cha awali ambapo hakuna dadu inayorushwa, na hapo ndipo mwenye mhusika wa aina hii aseme anataka nini na hataki nini. Mezani anaweza kuwapo mtu ambaye utotoni aliitwa majina kwa sababu ya wazazi wake, amekuja kupumzika, na hahitaji kuyasikia tena kutoka kwa mlinzi wa kubuni. Mwingine mwenye historia hiyohiyo anaweza kutaka kulikabili jambo hilo mahali ambapo safari hii ana shoka mkononi. Huwezi kujua kwa kumtazama. Muulize faraghani kama anaona vigumu kusema mbele ya wote.

Na msimuliaji apewe zaidi ya majeraha. Mwandikie chakula ambacho Ghashi anapika kwa mtindo wa nyikani na kukitia majani ya msituni, ambacho wajomba wanakisema vibaya na kukimaliza. Mwandikie utani. Hapa Tanzania kuna makabila yaliyowahi kupigana ambayo wajukuu zao leo ni watani, wanatukanana misibani na hakuna anayekasirika. Kama orki na elfi walipigana zamani, amua kama wameshafika huko. Ghashi atakuwa mtani wa nani, akiwa yeye mwenyewe ni pande zote mbili? Jibu langu ni kwamba bomani anataniwa na kila mtu, na msituni hakuna anayethubutu, jambo linalomuuma kuliko matusi, kwa kuwa anayeogopa kukutania bado anakuhesabu mgeni.

Mwisho mpe msimuliaji watu watatu, kila mmoja na anachokitaka. Mjomba, ambaye ana ng'ombe wa kutosha kulilipa deni mwenyewe kwa siri, na halilipi kwa sababu atampoteza mtoto aliyemlea. Baba, ambaye ameanza kusikia kwamba kuna kitu kinaitwa mahari na anauliza watu kinagharimu nini. Na yule binamu wa miaka 60, aliyetoroka msituni wiki iliyopita na anayekuja kumtafuta dada yake mkubwa mwenye miaka 19.